Maswali na majibu: Chrysler itafufuliwaje?

Swali: Je, ni kweli kwamba Chrysler, kampuni ya magari ya Marekani, imebaki na gari la aina moja?

Jibu: Kwa hakika ndiyo. Tangu gari la saluni la Chrysler 300 lilipokoma kuundwa mwaka 2023, kilichosalia ni minivani (gari la familia lenye safu tatu za viti) ya Pacifica pamoja na Voyager, ambayo ni Pacifica hiyo hiyo kwa bei nafuu. Kwa kampuni iliyoasisiwa na Walter Chrysler mwaka 1925, hali hii inaumiza.

Swali: Zama za Lee Iacocca, bosi wake wa wakati huo, ilinusurika kufilisika. Je, njia ile ingefaa leo?

Jibu: Wengi hukumbuka dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5 iliyoidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 1979, lakini fedha zile ziliipa kampuni pumzi tu. Kilichoiponya ni magari. Kwanza yalikuja magari madogo ya chasisi ya K, yaliyokula mafuta kidogo, kisha mwishoni mwa 1983 zikatoka minivani za Dodge Caravan na Plymouth Voyager, chini ya nembo zake nyingine. Msomaji aliyewahi kupanda Noah ataelewa mara moja: mlango wa pembeni wa kuteleza, sakafu iliyo chini kiasi cha mtoto kupanda mwenyewe, na paa ambalo halikuzuia gari kuingia katika gereji ya kawaida ya nyumbani. Mikopo ililipwa mwaka huo huo wa 1983, miaka saba kabla ya muda wake. Naam, njia hiyo ingali inafaa.

Swali: Kwa nini Stellantis, kundi linaloimiliki, lisichukue gari lake la Ulaya na kulibandika nembo ya Chrysler?

Jibu: Hilo limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2011 Lancia Delta iliuzwa Uingereza kama Chrysler, na Chrysler 300 ikauzwa Italia kwa jina la Lancia Thema; miaka michache baadaye yote mawili yalikuwa yameondolewa sokoni. Kutumia chasisi na injini za pamoja si kosa, maana gharama haziepukiki, lakini mnunuzi hutambua upesi gari lililobadilishwa jina tu.

Swali: Na Ram, nembo ndugu ya pikapu katika kundi hilo?

Jibu: Kuirudisha injini ya Hemi ya silinda nane katika pikapu ya Ram 1500 mwaka 2025 ulikuwa uamuzi sahihi. Wateja wake waliidai.

Swali: Wewe ungeanzia wapi?

Jibu: Ningeanza na minivani, kwa sababu ndiyo kazi ambayo Chrysler inaijua kuliko wengi. Katika Pacifica ya petroli, viti vya safu ya kati hukunjwa na kuzama kabisa sakafuni, hata mtu akapakia friji bila kung'oa kitu. Katika ile ya haibridi ya kuchaji, iliyotumia petroli na umeme, betri ilichukua nafasi hiyo. Ningewataka wahandisi waihamishe betri, viti vizame tena, na gari hilo liuzwe kwa bei ambayo familia ya mwalimu inaimudu, ndipo saluni mpya ifuate.