Mshindo hautokei mara moja tu

Ndugu, umesema kwamba ule mshindo mkubwa unaosikika ardhini ndege inapokwenda kasi kuliko sauti hutokea mara moja tu, pale inapoivuka kasi ya sauti. Hapana, ndege haiupigi mara moja tu. Inaupiga muda wote ikiwa juu ya kasi hiyo, ambayo karibu na usawa wa bahari ni kama kilomita 1,225 kwa saa. Mawimbi ya sauti hayawahi kuitangulia, kwa hiyo yanarundikana na kuwa wimbi moja kali lenye umbo la pia, linaloburutwa angani. Unasikia pale linapokupitia. Aliye mbele zaidi njiani atasikia baadaye. Mara nyingi ni mishindo miwili iliyofuatana, wa pua na wa mkia. Rubani, cha ajabu, hausikii kabisa, maana anakwenda pamoja na wimbi lenyewe.