Kamba badala ya mkanda kwenye ngazi za kuwindia

Ndugu, umeuliza jinsi ya kufunga haraka mtini hizo ngazi fupi za kupandia, zinazopangwa moja juu ya nyingine, msimu wa kulungu huko Michigan. Anza kwa kutoa mkanda wenye bizimu. Chuma kikigonga alumini alfajiri, mnyama ameshajua uko wapi.

Weka kamba ya Dyneema (nyuzi za plastiki nyepesi zenye nguvu sana) ya robo inchi yenye vitanzi mfululizo. Izungushe shina, vuta, kisha chomeka kitanzi kinachofika kwenye kile kitufe kinachotokeza nyuma ya ngazi cha kunasia kamba. Hata ukiwa na glovu gizani, hakuna fundo la kuhangaikia. Kitanzi cha mwisho kisuke kwa kuirudisha ncha ndani ya kamba yenyewe, usipige fundo. Dyneema inateleza sana na fundo la kawaida linaweza kuachia taratibu ukiwa juu.

Wengine hufunga kwenye ngazi kibano cha meno kinachobana kamba, kama kile cha mashua za tanga. Ni haraka kweli, ila Dyneema tupu huteleza humo pia. Tumia kamba yenye ala ya poliesta, na ncha inayobaki izungushe kwenye kitufe iwe akiba. Kutoboa bomba la ngazi ili kukaza kibano mimi sikushauri, unalidhoofisha.

Ukishafunga, vuta ngazi chini kwa nguvu mpaka meno ya ngazi yakamate gome, ndipo ukanyage. Na tafadhali sana, mkanda wa kiunoni unaokuunganisha na mti usitoke tangu miguu inapoacha ardhi mpaka unaporudi chini.