Mkataba wa Kitabu Usomwe Kuanzia Nyuma

Waandishi wanaoniletea mikataba yao niipitie huwa wameshaiona asilimia ya mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa. Wamekuta kumi, wameridhika, wanataka tu niwaambie wasaini. Mimi hufungua ukurasa wa mwisho kwanza, kwenye kifungu cha kuvunja mkataba. Vitabu vyetu vingi huuawa na kimya: nakala zinaisha madukani, mchapishaji hachapi tena, na mwandishi hana ruhusa ya kukipeleka kitabu kwingine.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo ukisoma kwamba mchapishaji amepewa haki "kwa muda wote wa hakimiliki", ujue wajukuu zako nao wamo humo. Omba kiongezwe kifungu kifupi: kitabu kikiadimika, na mchapishaji asikichape ndani ya miezi 12 tangu aandikiwe barua, haki zote zinarudi kwako. Na kuadimika kuelezwe kwa idadi ya nakala zilizouzwa kwa mwaka, maana siku hizi faili likikaa mtandaoni mtu anaweza kudai kitabu bado kipo sokoni hata kama hakuna anayekinunua. Wachapishaji niliokaa nao mezani wengi wamekikubali kifungu hiki bila ubishi. Ni kwamba waandishi hawaombi.

Sasa hiyo asilimia. Kumi ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na duka linapewa punguzo la asilimia 35. Mrabaha ukikatwa kwenye bei ya jaladani, unapata 1,000. Ukikatwa kwenye kile kilichomfikia mchapishaji, unapata 650. Kwenye karatasi zote mbili imeandikwa asilimia kumi. Dai pia tarehe ya kupewa taarifa ya mauzo, na iandikwe. Neno "mara kwa mara" halimfungi mtu.

Tafsiri, kitabu cha kusikiliza na filamu usivitoe kwa mkupuo, hasa kama mchapishaji hana mpango wowote navyo. Haki ya tafsiri huweza kulala miaka mingi kisha ikaamka. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka 1994. Alipata Nobel 2021, na Kiswahili chake, Peponi, kilichofasiriwa na Ida Hadjivayanis, kikatolewa na Mkuki na Nyota 2022. Mwandishi mwenye haki zake mkononi ndiye anayeulizwa siku kama hiyo.

Mkataba wa mchapishaji anayekutaka uchangie gharama za kuchapa usome kwa jicho jingine kabisa. Hapo wewe ni mteja, na sioni ubaya wake, mradi masharti yafanane na malipo. Ukilipia karatasi na wino, mrabaha wa asilimia kumi ni kichekesho. Nakala ni zako. Faili la mwisho lililopangwa kurasa, pamoja na la jalada, ukabidhiwe. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, nayo unaweza kuiomba mwenyewe: Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ikitoka kwa jina lako, ukihamia kwa mpiga chapa mwingine kitabu unahama nacho.