Ugaidi na polisi wetu: nawajibu

Mbona polisi walichelewa hivyo kule Garissa?

Hili bado linaniuma mpaka leo. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wanne wa Al-Shabaab waliingia chuo kikuu alfajiri, wanafunzi wengine bado wamelala, na Recce, kile kikosi maalum cha polisi, walikuja kuingia bwenini jioni, na walipoingia tu mambo yakaisha chapchap. Kwa hivyo kupigana wanajua. Shida ni kikosi kiko karibu na Nairobi na Garissa ni kilomita karibu 370, na usafiri wa kuwafikisha ukasuasua. Watu 148 wakafa.

Na shambulio la hoteli ya Dusit, Nairobi, walibadilisha nini?

Amri ilikuwa moja. Duka kubwa la Westgate 2013 jeshi na polisi walirushiana risasi wenyewe kwa wenyewe, ikachukua siku nne. Dusit, Januari 2019, kesho yake asubuhi imeisha, mamia wametolewa wazima, ingawa tulipoteza watu 21.

Mabomu ya barabarani Lamu na Mandera mbona hayaishi?

Mpaka na Somalia ni karibu kilomita 700, vichaka tu, na kutega bomu unahitaji watu wawili na jembe usiku. Anayeona ni kijana wa mbuzi, asubuhi anapita anakuta udongo umechimbwa ukafukiwa, bado mbichi, rangi si sawa na barabara. Akisema gari la polisi linasimama, asiposema linakanyaga. Lakini anaogopa huku na huku, Al-Shabaab wanaua wanayemwita jasusi, na askari nao akiwakumbuka ni ule msako wa Aprili 2014, maelfu wakasombwa Eastleigh, mtaa wa Wasomali Nairobi, wengine wakafungiwa uwanja wa Kasarani, sasa huyo atamwambia nani? Hapo serikali ilijikata mguu yenyewe.

Mimi ni Msomali, nikiripoti si nitashikwa mimi?

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, sikudanganyi. Lakini nakumbuka lile basi la Mandera lililovamiwa na Al-Shabaab Desemba 2015, Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, kina mama wakawapa wenzao hijabu wajifunike, na mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Abiria wasio na silaha ndio waliokoa watu siku hiyo. Usiende peke yako, nenda na imamu au mzee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani wa usalama, mkisumbuliwa mnapeleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, na usitoke stesheni bila namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, mkononi.