Maswali ya Wasomaji: Njia ya Hewa na Njia ya Chakula

SWALI: Mwanangu wa miaka mitatu alipaliwa na karanga alipokuwa akicheka na wenzake. Bibi yake alimpigapiga utosini na kutaka kumnywesha maji, lakini kabla hajanywa karanga ikatoka kwa kikohozi. Je, hewa na chakula vina njia moja au mbili? Na ilitupasa tufanye nini? – Mama, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada yetu, na tunashukuru kwamba mtoto ni mzima. Njia ni mbili, lakini zina kipande kimoja cha pamoja, nacho ndicho chenye hatari. Hewa itokayo puani na chakula kitokacho mdomoni hukutana kooni, nyuma ya ulimi, kisha hutengana: bomba la hewa hushuka mbele kuelekea mapafuni, na umio hushuka nyuma yake kuelekea tumboni. Kwa hiyo kila tonge halina budi kupita kwenye mlango wa mapafu kabla ya kuingia katika umio.

Weka kidole kwenye kikoromeo chako, kisha umeze mate. Utakihisi kikipanda na kushuka. Kinapopanda, kifuniko chembamba kiitwacho epiglotisi huinamia mlango wa bomba la hewa, nyuzi za sauti hubana, na pumzi husimama kwa muda wa kama sekunde moja, bila sisi kuamua. Anayecheka huwa amezifungua nyuzi hizo na huvuta hewa kwa ghafla, hivyo kilichomo mdomoni huweza kufyonzwa pamoja nayo. Wazee wanaokataza watoto kucheka na kuzungumza wakiwa na chakula mdomoni wana haki kabisa.

Kitu kilichopenya kwenye bomba la hewa hakifiki tumboni. Mara nyingi huangukia upande wa kulia, kwa kuwa tawi la bomba linaloingia pafu la kulia ni pana na limenyooka zaidi. Mapafu hayana asidi wala vimeng'enya vya kusaga karanga, kwa hiyo itakaa humo na huenda ikaleta nimonia. Mtoto aliyepaliwa akiendelea kukohoa, kutoa mluzi anapopumua au kupata homa, mpelekeni hospitali hata kama anacheza.

Kumpiga utosini hakusaidii, na maji yangeweza kuifuata karanga. Anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Asiyeweza kukohoa, kulia wala kutoa sauti ainamishwe mbele na kupigwa kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kitu kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute kwa ghafla kuelekea ndani na juu mara tano, kisha urudie yote mawili huku mwenzako akitafuta msaada. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asibanwe tumbo kamwe: alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni mara tano, kisha ageuzwe na kubonyezwa katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Na tunawasihi wazazi wote: karanga nzima zisipewe watoto wa chini ya miaka mitano, zitwangeni.

SWALI: Kwa nini nikishiba sana napumua kwa shida? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo, ambao hushuka kila unapovuta pumzi ili mapafu yapate nafasi ya kutanuka. Mfuko wa chakula uko chini yake tu, na baada ya mlo mkubwa huweza kubeba lita moja au zaidi, hivyo kiwambo hukosa pa kushukia. Kula kidogo kidogo, na usilale kabla ya saa mbili au tatu kupita, kwani ukilala na shibe asidi hupanda kwenye umio na kuleta kiungulia. Lakini ukikosa pumzi hata usipokula, au kifua kikibana, muone daktari siku hiyohiyo.