Jicho kuwa gumu ghafla katikati ya kutoa mtoto wa jicho
Daktari, chemba ya mbele (nafasi yenye maji kati ya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na airisi, yaani sehemu ya rangi ya jicho) kupoteza kina na jicho kukakamaa mara tu baada ya kutenganisha lenzi na kifuko chake kwa maji, kama ulivyoeleza, mara nyingi ni maji yaliyopenya kwenye nyuzi zinazoshikilia lenzi na kujikusanya nyuma yake. Macho mafupi (kutoka mbele hadi nyuma) hupatwa zaidi. Usipandishe chupa ya maji yanayoingia jichoni: utazidi kuyasukuma nyuma, na airisi itachomoza kwenye jeraha.

Toa vifaa, hakikisha jeraha limefunga, legeza kitanua kope (kifaa kinachoshikilia kope wazi). Kabla ya lolote jingine, angalia mng'ao mwekundu (mwanga unaorudi kupitia mboni), kisha ndani ya jicho kwa oftalmoskopu (kifaa cha kutazamia nyuma ya jicho). Ukiona uvimbe mweusi unaokua, hiyo ni damu nyuma ya koroidi (tabaka la mishipa ya damu chini ya retina): shona haraka, usiguse vitrea (ute uliojaa nyuma ya lenzi).

Kama si damu, mpe mgonjwa manitoli (dawa inayovuta maji kutoka jichoni) ya 20%, gramu 1 kwa kila kilo, kwa dakika 30 (si kwa mwenye moyo au figo dhaifu), na usubiri. Wengi hukosa subira hapa. Mpeni chombo cha kukojolea, kwa kuwa dawa hii huongeza mkojo. Kujikaza kunapandisha presha ya jicho. Jicho lisipolegea, daktari aliyezoea aondoe vitrea kidogo, kama mililita 0.2, kwa kikata-vitrea, milimita 3.5 kutoka ukingo wa konea. Kuvuta vitrea kwa sindano tupu kunaweza kuchana retina.