Daifuku za nyumbani: soma pakiti kabla ya kuwasha jiko

Tangu nieleze utengenezaji wa daifuku, yaani vile vitafunio vya Kijapani vya mchele wa kunata vilivyojazwa maharage matamu, nimepokea maswali mengi, na mengi yanarudia jambo moja. Naanza nalo.

Nimefuata vipimo vyote, lakini donge linakatika badala ya kuvutika. Nilitumia unga wa mchele wa dukani. Nimekosea wapi?

Umekosea dukani, kabla hujafika jikoni. Unga wa vitumbua hutokana na mchele wa kawaida, ambao wanga wake una amilosi (aina ya wanga isiyonata) ya kutosha kulifanya donge likatike likishapoa. Daifuku zinataka mchele wa kunata, ambao wanga wake karibu wote ni amilopektini, yaani aina ya wanga inayonata, na huo ndio unaovutika. Wajapani hutofautisha unga huu kwa majina: shiratamako husagwa pamoja na maji kisha hukaushwa, hivyo huwa chengachenga na hutoa donge laini, mochiko ni unga mkavu wa mchele huo huo wa kunata, na joshinko ni wa mchele wa kawaida, ambao kwa kazi yetu haufai. Unga wa mchele wa kunata kutoka Thailand nao unafaa, mradi usome maandishi, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuuza aina zote mbili katika pakiti zinazokaribia kufanana. Kuongeza unga wa ngano hakutakuokoa, na naomba nisiulizwe tena.

Je, nikande kwa muda mrefu ili livutike zaidi?

Hapana. Mchele hauna gluteni, ile protini ya ngano inayovutika ikikandwa. Kinacholifanya donge livutike ni kuiva.

Azuki, yale maharage madogo mekundu ya mjazo, sizipati huku. Naweza kutumia maharage ya kawaida?

Unaweza, ila kunde nyekundu zitakufaa zaidi. Azuki ni jenasi moja na kunde na choroko, ilhali maharage yetu ya kawaida ni jenasi nyingine, na Wajapani wenyewe hupika kunde, wanazoziita sasage, mahali pa azuki katika wali mwekundu wa sherehe. Zichemshe, umwage maji ya kwanza yenye ukakasi, uweke mapya, kisha upike kwa moto mdogo hadi mbegu moja ipondeke kwa urahisi kati ya kidole gumba na cha shahada. Hapo tu ndipo sukari huingia, kwa sababu mbegu iliyowahiwa na sukari haitalainika tena hata ukeshe nayo. Kwa gramu 200 za mbegu kavu, weka gramu 160 hadi 200 za sukari na chumvi kidogo sana. Endelea kukoroga mpaka mwiko ukipitishwa katikati uache njia, na chini ya sufuria paonekane kwa muda kabla ya uji kurudi. Usisubiri ukauke zaidi, kwani utaendelea kukaza ukipoa. Magadi yasikaribie sufuria hiyo. Hulainisha mbegu upesi, lakini huacha ladha ya sabuni ambayo sukari haiwezi kuifunika.

Sina mikrowevu. Nifanyeje?

Mvuke unatosha, na mimi naupendelea. Changanya gramu 100 za unga na 50 za sukari, mimina mililita 150 za maji kidogo kidogo, weka katika bakuli, kisha pika kwa mvuke dakika 20 hivi, ukikoroga katikati ya mapishi. Funga mfuniko kwa kitambaa ili matone yasidondokee donge. Limeiva weupe wa unga mbichi ukitoweka na likianza kung'aa. Limwage juu ya sinia iliyonyunyiziwa wanga wa mahindi (si unga wa ugali, tafadhali), ufunge mjazo uliokwisha kupoa wakati donge lingali na moto ambao mikono inaustahimili.

Nikiziweka kwenye friji, asubuhi zinakuwa ngumu kama mawe. Tatizo ni unga?

Tatizo ni friji. Wanga uliopikwa hukaza upesi zaidi katika ubaridi wa friji, karibu nyuzi 4 za sentigredi. Sukari iliyo ndani ya donge huchelewesha hali hiyo, ndiyo maana siwaungi mkono wanaoipunguza kwa kisingizio cha afya; anayeogopa sukari ale moja badala ya tatu. Kula siku hiyo hiyo, au funga kila moja peke yake na uzigandishe kwenye friza, kisha uziache ziyeyuke nje kabla ya kula.

Mwanangu ana miaka miwili. Naweza kumpa?

Usimpe. Chakula hiki hunata na kinaweza kuziba koo, na kila mwisho wa mwaka Idara ya Zimamoto ya Tokyo huwaonya watu wakate mochi, yaani madonge ya mchele wa kunata kama haya, vipande vidogo na kutafuna vizuri, kwa kuwa wazee hufa kwa kukabwa nazo. Hukuniuliza kuhusu bibi yake, lakini kama meno yamemwishia, naye umpe mjazo peke yake kwa kijiko.